Viamsha-mmea: Je, vinaweza kuokoa maembe na machungwa yetu wakati wa kiangazi?

Kila mwaka miembe inapotoa maua, wakulima wengi wa Kwale huanza kuangalia mbingu. Mvua ikikosekana na jua likiwa kali, maua hukauka na vijiembe vilivyokwisha kushika hupukutika vikiwa na ukubwa wa njugu. Huko Lukore, Msulwa na Mkongani, wenye michungwa wana kilio kicho hicho: mti unachanua vizuri, halafu wiki chache baadaye matunda yametapakaa chini.

Katika hali hiyo mkulima huenda kwenye duka la pembejeo akaomba “dawa ya kuzuia matunda kuanguka”. Siku hizi atakayoonyeshwa huenda ikawa chupa iliyoandikwa kwamba ndani yake mna mwani, asidi za humiki, asidi za amino au vijidudu vyenye manufaa. Bidhaa za aina hii kwa jumla huitwa baiostimulanti. Katika makala haya tutaziita viamsha-mmea, kwa sababu kazi yake ni kuuamsha mmea utumie vizuri nguvu zake wenyewe.

Swali ambalo wakazi wengi wangependa lijibiwe ni moja: je, chupa hiyo inafaa kununuliwa, au ni pesa ya kutupa? Jibu ni kwamba inaweza kusaidia mahali fulani, kwa wakati fulani, na kwa mkulima ambaye tayari ametimiza mambo mengine. Tunaeleza hapa ni wapi, lini na vipi.

Kwa nini mti huangusha matunda

Kwanza tuelewe kwamba kuanguka kwa matunda si ugonjwa kila mara. Hata katika mwaka wenye mvua nzuri, ni sehemu ndogo sana ya maua ya mwembe ambayo hufika kuwa embe la kuvunwa. Mti hutoa maua mengi kuliko unavyoweza kulea, kisha hupunguza.

Tatizo huanza pale mti unapolazimika kupunguza kupita kiasi. Majani yana vitundu vidogo ambavyo mmea hupumulia na kupotezea maji. Udongo ukikauka, mizizi hutuma ishara na majani huvifunga vitundu hivyo ili kuhifadhi maji. Lakini vikifungwa, hewa ambayo jani huitumia kutengeneza chakula nayo haiingii. Chakula hupungua, na mti huanza kuachilia matunda machanga ili yale machache yaliyobaki pamoja na mti wenyewe yaishi.

Jua kali huongeza shida. Jani lisilotengeneza chakula bado linapigwa na mwanga, na nguvu hiyo isiyotumika huzalisha kemikali zinazounguza chembechembe za jani kutoka ndani. Ndipo tunapoona kingo za majani zikiwa kahawia na matunda yakiwa na madoa ya kuungua upande unaotazama jua.

Hapa kwetu shida hizi hazilingani kila mahali. Kinango, Samburu na sehemu za Mwereni hukumbwa zaidi na ukame. Nyanda za Shimba Hills hupata mvua nyingi kuliko huko, lakini mvua hizo siku hizi huchelewa au hukatika mapema. Karibu na bahari, kutoka Tiwi na Diani hadi Msambweni na Vanga, kuna jambo la tatu: visima vifupi ambavyo maji yake huwa na chumvi, hasa kiangazi kikiwa kirefu na maji yakichotwa kwa wingi. Chumvi huufanya mti uone kiu hata udongo ukiwa umelowa.

Wengi tunakumbuka jinsi misimu mitano ya mvua ilivyofuatana bila mvua ya kutosha katika maeneo kame ya nchi, kuanzia mwishoni mwa 2020, na kisha mvua za El Niño za Oktoba hadi Desemba 2023 zikaleta mafuriko. Mti wa matunda hauwezi kuhamishwa kama ng'ombe. Mwembe uliopandwa leo utapitia miaka mingi ya namna hiyo, na ndiyo maana suala la kuusaidia mti uvumilie ni suala la kipato cha familia kwa miongo.

Kiamsha-mmea ni nini hasa

Si mbolea. Mbolea ni chakula: inaongeza naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine udongoni. Si dawa ya wadudu wala ya ukungu pia. Kiamsha-mmea ni kitu kinachowekwa kwa kiasi kidogo kwenye majani au mizizi ili kuuchochea mmea ufyonze chakula vizuri zaidi, uhimili joto, ukame au chumvi, au uboreshe mazao yake.

Umoja wa Ulaya, ambao ni miongoni mwa waliotangulia kuweka sheria mahususi ya bidhaa hizi, ulifanya hivyo kupitia kanuni ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2022. Kanuni hiyo inakitambua kiamsha-mmea kwa kazi yake, si kwa kiasi cha chakula kilichomo. Hii ni tofauti muhimu kwa mnunuzi: ukinunua kiamsha-mmea ukidhani ni mbolea, mti wako utabaki na njaa.

Aina zinazopatikana sana ni hizi:

Dondoo za mwani. Hutengenezwa kwa kukamua au kuchemsha mwani wa baharini. Nyingi zinazouzwa duniani hutokana na mwani wa kahawia wa bahari baridi za kaskazini mwa Atlantiki. Zina sukari maalumu na viambata vinavyoamsha kinga ya mmea dhidi ya ukame na chumvi.

Asidi za humiki na fulviki. Hizi hutokana na mabaki ya mimea yaliyooza kwa muda mrefu sana. Husaidia mizizi kukua na udongo kushika madini. Zinafaa zaidi kwenye udongo wa kichanga usio na mboji, kama ulivyo udongo wa sehemu nyingi za ukanda wetu wa pwani.

Asidi za amino. Hutokana na protini za mimea au wanyama zilizovunjwavunjwa. Mmea huzitumia kujikarabati baada ya kuumizwa na jua au ukame.

Vijidudu vyenye manufaa. Kuna ukungu mwema unaoishi pamoja na mizizi na kuurefushia mti mkono wa kutafuta maji na fosforasi. Kuna pia bakteria na ukungu aina ya Trikoderma. Hivi ni viumbe hai: vikikaa kwenye rafu yenye joto kali au vikipita tarehe yake, unanunua chupa ya vitu vilivyokufa.

Kitosani. Hutokana na maganda ya kamba na kaa, na huuchochea mmea ujilinde.

Mwani wa Kibuyuni na miembe ya bara

Hapa Kwale habari ya mwani si ngeni. Kibuyuni, Mkwiro, Gazi na Funzi ni miongoni mwa vijiji vya pwani ya kusini ambako wakazi, wengi wao kina mama, hufunga vipando vya mwani kwenye kamba, huvuna wakati wa maji kupwa na kuanika. Mwani huo mkavu huuzwa kwa ajili ya karajinani, kitu cha kugandisha kinachotumika katika vyakula na dawa ya meno.

Jambo ambalo huenda wengi hawalijui ni kwamba mmoja wa mwani unaolimwa katika bahari yetu, ule ambao wafanyabiashara huuita kotonii na wanasayansi Kappaphycus, ndio unaotumika India kutengeneza kiamsha-mmea. Watafiti wa taasisi ya serikali ya nchi hiyo iliyoko Bhavnagar, katika jimbo la Gujarat, walionyesha kwamba mwani ukikamuliwa ungali mbichi hutoa maji yanayoweza kunyunyiziwa mimea, na makapi yanayobaki bado yanaweza kutoa karajinani. Zao moja, bidhaa mbili.

Hiyo haimaanishi kwamba mkulima achukue mwani leo, autwange na kuumwagia mwembe. Mwani hutoka baharini ukiwa na chumvi, na michungwa na miparachichi ni kati ya miti inayoumizwa upesi na chumvi. Nguvu ya maji ya mwani yaliyotengenezwa nyumbani pia hubadilika kutoka siku hadi siku, kwa hiyo hakuna awezaye kukwambia uchanganye kiasi gani. Ukitaka kutumia mwani shambani, njia salama ni kuuosha vizuri kwa maji baridi, kuuchanganya na samadi na majani makavu kwenye shimo la mboji, na kuuacha uoze kabisa.

Na mwani wenyewe una somo la kutupa. Kotonii huathirika maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi; hapa kwetu na hata Zanzibar wakulima wameona vipando vikigeuka vyeupe na kukatika. Joto linaloangusha maembe Matuga lina jamaa yake baharini.

Ushahidi unasema nini

Utafiti kuhusu viamsha-mmea ni mwingi, lakini matokeo hayafanani. Mwaka 2011 watafiti wa Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ya dondoo la mwani kwa miche ya michungwa iliyonyimwa maji. Miche iliyopewa dondoo ilihimili ukame na kukua vizuri kuliko ile isiyopewa. Ni habari njema, ila tusome kwa makini: ilikuwa miche kwenye vyombo, si michungwa mikubwa yenye matunda katika shamba la Kubo Kusini.

Kwa jumla, wataalamu wanakubaliana juu ya mambo matatu. La kwanza, viamsha-mmea husaidia zaidi vikitumiwa kabla ya dhiki au mwanzoni mwake. Mti uliokwisha kunyauka hauna nguvu ya kuitikia. La pili, matokeo hutegemea aina ya mti, udongo na hali ya hewa, kwa hiyo kilichofaa kwa jirani huenda kisifae kwako. La tatu, kiamsha-mmea hakizalishi maji. Kinaweza kuusaidia mti uvumilie wiki chache za ukavu. Hakiwezi kuchukua nafasi ya msimu mzima wa mvua.

Yasiyotibiwa na viamsha-mmea

Kabla ya kununua, hakikisha unajua ni nini kinachoangusha matunda yako. Ukipasua embe lililoanguka ukakuta funza, huyo ni nzi wa matunda. Nzi msumbufu zaidi kati ya hao, anayetokea Asia, aligunduliwa nchini mwaka 2003 hapa pwani, na ni mmoja wa sababu zilizofanya Kenya isimamishe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014. Hakuna kiamsha-mmea kinachomuua. Dawa yake ni kuokota na kuzika au kufungia kwenye mifuko matunda yote yaliyoanguka, kutega mitego, na kuvuna kwa wakati.

Maua yakiwa na unga mweupe, huo ni ubwiriubwiri. Yakiwa meusi pamoja na madoa meusi kwenye matunda, hasa baada ya siku za umande au manyunyu, huo ni ugonjwa wa chule. Yote mawili ni ukungu na yanahitaji dawa ya ukungu iliyoidhinishwa, pamoja na kupogoa ili hewa ipite. Mti wenye njaa ya madini nao unahitaji samadi au mbolea, si chupa ya mwani.

Yatangulize haya kwanza

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya shilingi ya kwanza kwenda kwenye chupa, mkulima ahakikishe ametimiza haya:

1. Matandazo. Weka nyasi kavu, majani ya mnazi au mabaki ya mahindi kuzunguka mti hadi pale kivuli cha matawi kinapoishia. Acha nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye shina ili lisioze. Matandazo hupoza udongo na kuzuia maji yasipotee.

2. Samadi iliyooza. Iweke mwanzoni mwa mvua. Udongo wa kichanga wenye mboji hushika maji zaidi ya ule usio nayo.

3. Beseni la maji. Chimba mfereji wa nusu duara upande wa chini wa mteremko ili mvua ikinyesha maji yasimame kwenye mizizi. Pale ambapo maji hutuama wakati wa masika, fanya kinyume: fungua mkondo, kwa sababu mizizi iliyozama hukosa hewa.

4. Kupogoa baada ya mavuno. Matawi makavu na yaliyosongamana hunyonya nguvu bila faida.

5. Kuonja maji ya kisima. Kama yana ladha ya chumvi, usiyamwagie michungwa kila siku kidogo kidogo, kwani chumvi hujikusanya juu. Mwagia kwa nafasi na kwa wingi ili chumvi ishuke chini, na tumia maji ya mvua yaliyovunwa kila yanapopatikana.

Mengi katika haya yanahitaji jasho kuliko pesa. Mti uliotimiziwa haya ndio wenye uwezo wa kunufaika na kiamsha-mmea.

Namna ya kutumia

Fuata maelezo ya kibandiko kila mara, kwani vipimo hutofautiana. Kanuni za jumla ni hizi:

Nyunyizia kabla tu ya maua kufunguka, kisha mara moja zaidi matunda yanaposhika. Kwa miche mipya, mwagia kwenye mizizi siku ya kupanda.

Fanya kazi asubuhi mapema au jioni. Jua la saa sita hukausha dawa kabla jani halijaifyonza, na linaweza kuunguza jani.

Usizidishe. Kiasi kikubwa si nguvu zaidi. Baadhi ya bidhaa hizi zikizidi huudumaza mmea.

Usichanganye na dawa za shaba, salfa au nyingine yoyote ndani ya pampu moja ila kibandiko kikiruhusu. Bidhaa zenye vijidudu hai huuawa na dawa za ukungu.

Osha pampu vizuri kwanza. Pampu iliyobeba dawa ya magugu inaweza kukausha maua ya mwembe mzima.

Jipimie mwenyewe kabla ya kutumia shamba zima

Hili ndilo tunalotaka kila msomaji alichukue. Chagua miti kumi ya aina moja na umri mmoja. Mitano ifunge kitambaa chekundu na uinyunyizie kiamsha-mmea. Mitano mingine inyunyizie maji matupu siku hiyo hiyo. Usichague mizuri yote upande mmoja, ichanganye.

Kwenye kila mti tia alama matawi manne, moja kwa kila upande. Hesabu matunda yakiwa na ukubwa wa njugu, hesabu tena yakifikia ukubwa wa ndimu, na mara ya mwisho wakati wa kuvuna. Andika kwenye daftari.

Kisha piga hesabu ya pesa. Kwa mfano, ikiwa bidhaa na kazi ya kunyunyizia vimekugharimu shilingi 1,000 kwa miti mitano, basi miti hiyo mitano lazima ikuletee zaidi ya shilingi 1,000 juu ya ile mitano mingine. Ikileta chini ya hapo, hata kama matunda yameongezeka, umefanya biashara ya hasara. Ikikuletea zaidi, una ushahidi wa shamba lako mwenyewe, na hakuna muuzaji atakayekudanganya wala jirani atakayekukatisha tamaa.

Jihadhari na bidhaa bandia

Sakata la mbolea bandia la mwaka 2024 lilitufundisha kwamba gunia au chupa yenye maandishi mazuri si dhamana. Unaponunua:

Nunua kwenye duka lenye leseni na udai risiti. Bila risiti huna mahali pa kuanzia malalamiko.

Angalia tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina la mtengenezaji, viambato na kipimo cha kutumia. Chupa isiyoeleza kilichomo irudishe.

Angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuithibitisha kwa kutuma ujumbe wa simu wenye herufi SM, alama ya reli (#) na nambari hiyo kwa 20023.

Bidhaa inayodai kuua wadudu au kutibu ugonjwa lazima iwe na nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB. Ikidai kuua wadudu, kutibu ukungu, kulisha mti na kuleta maua kwa pamoja, hiyo ni sababu tosha ya kuiacha kwenye rafu.

Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa bei nafuu.

Pa kupata msaada

Kila mkazi ana haki ya kupata ushauri wa afisa wa kilimo wa wadi yake. Nenda na majani, maua au matunda yaliyoanguka, si maelezo ya mdomo tu, ili tatizo litambuliwe kabla hujatoa pesa. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, nalo lina wataalamu wa matunda katika kituo chake cha Mtwapa, na lina kituo hapa kwetu Matuga.

Ukifanya jaribio la miti kumi, mpelekee afisa wa wadi daftari lako msimu ukiisha, hata kama matokeo hayakuwa mazuri. Shamba la Tiwi lenye maji ya chumvi, la Lukore lenye mvua na la Kinango lenye ukavu hayawezi kupewa ushauri mmoja. Hesabu za wakulima wa pande zote hizo zikiwekwa pamoja ndizo zitakazotuambia ni wapi katika kaunti hii chupa hiyo inalipa, na ni wapi matandazo na samadi vinatosha.